Kromosomu Mbili za Pembeni

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake Chiriku walikwenda nyumbani, naye akashika njia ya kituo cha utafiti wa kahawa alikofanya kazi mama yake. Aliingia kwa lango la nyuma, akamwamkia mlinzi, akapita kando ya kitalu cha miche kilichofunikwa kwa wavu mweusi, kisha akafuta viatu mlangoni mwa maabara. Chiriku halikuwa jina lake hasa. Alipewa na bibi yake kwa sababu ya maneno mengi. Bibi alisema kwamba masikio ya nyumba nzima hupumzika pale tu mtoto huyu anapolala.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza mbili za saruji, sinki lenye madoa mekundu ya rangi, na dirisha lililotazama shamba la mikahawa. Mama alikaa mwisho wa chumba, ameinamia hadubini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kromosomu za mikahawa, na Chiriku aliijua kazi hiyo kama watoto wengine wanavyojua kusuka. Asubuhi mama alikata ncha za mizizi ya miche, akaziloweka kwenye dawa, akazitia rangi. Kisha aliweka ncha moja juu ya kioo, akaifunika kwa kioo kingine chembamba na kuikandamiza kwa kidole gumba. Akibonyeza kidogo mno, seli zilibaki zimerundikana. Akizidisha, zilipasuka.

"Ni kama kuchagua nyanya sokoni," mama alipenda kusema. "Ukiminya sana, umeshainunua."

Ni mama aliyemfundisha kwamba ndani ya kila seli mna nyuzi fupi sana zinazoitwa kromosomu, na kwamba nyuzi hizo ndizo zinazobeba maagizo yote ya mmea: jani liweje, ua lichanue lini, tunda liive vipi. Mikahawa mingi ina kromosomu ishirini na mbili. Ule unaolimwa milimani una arobaini na nne, kwa sababu zamani sana aina mbili za mikahawa zilichanganyika, na mtoto wao akabeba mafungu yote ya pande zote mbili. Kwa kuhesabu kromosomu, watafiti hujua mkahawa gani ni ndugu wa upi, na ukoo wao ulivyobadilika tangu enzi na enzi.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee mwembamba aliyekaribia kustaafu. Wote walimwita Profesa. Mwaka huo alikuwa ameleta mbegu za mkahawa wa mwituni kutoka msitu uliokuwa ukikatwa, ambako ilibaki miti michache tu ya aina hiyo. Mbegu ziliota kitaluni, na mama akaanza kuhesabu. Kamera ya hadubini ilikuwa imeharibika, kwa hiyo alichora kwa penseli kila alichokiona.

Siku moja Chiriku alimkuta Profesa amesimama nyuma ya kiti cha mama, anatabasamu kama mtu aliyepata mjukuu.

"Ishirini," alisema. "Mara nyingine kumi na tisa, lakini hizo ni seli zilizopasuka. Nyingi zimetoa ishirini. Mjukuu wangu, unajua maana yake?"

"Shikamoo, Profesa. Maana yake zimepotea mbili."

"Marahaba. Hapana, hazikupotea. Njoo nikuonyeshe." Akampeleka kwenye mashine iliyokuwa chumba cha pili. Jani changa lilikatwakatwa kwa wembe ndani ya maji ya dawa, likatiwa rangi inayong'aa, na mashine ikapima mwanga wa kila seli. Mwanga ukiwa mwingi, maagizo yaliyomo ni mengi. Ukiwa kidogo, ni machache. Huko ndiko kupima ukubwa wa jenomu, yaani jumla ya maagizo yote ya mmea. "Mashine inasema mkahawa huu una maagizo mengi sawasawa na wenzake. Lakini mama yako amehesabu nyuzi ishirini. Basi nyuzi hazikupotea, zimeungana. Uzi ni uleule, ila vipande vimepungua. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hili kwenye kahawa. Nimelitafuta ujana wangu wote, nalo limekuja nikiwa na mvi."

Alimgeukia mama. "Macho yako ndiyo kamera yangu," alimwambia. Mama aliinamisha kichwa kwa furaha na haya.

Nyumbani mambo hayakuwa ya furaha hivyo. Walikaa watatu: Chiriku, mama, na bibi mzaa mama, aliyekuwa kipofu tangu Chiriku hajazaliwa. Baba alifariki Chiriku akiwa mdogo. Kwa muda sasa mama alikuwa akigonga bega kwenye fremu ya mlango. Alipiga teke ndoo iliyokuwa kando ya miguu yake. Akiwekewa kikombe pembeni mwa meza, alikiangusha, kisha akauliza nani amekiweka pale.

"Siku hizi unatembea kama mimi," bibi alimwambia. "Tofauti ni kwamba mimi nina fimbo."

"Uchovu tu, mama," alijibu mama yake Chiriku, akaokota vipande vya kikombe.

Ilipofika likizo, Chiriku alishinda maabara. Asubuhi moja mama alitoka kwenda kitaluni kuchukua mizizi, akaacha kioo chini ya hadubini. Chiriku alikuwa ameruhusiwa kutazama mradi asiguse. Alikaa kitini, akainama. Katikati ya duara la mwanga aliona nyuzi nyekundu zimetawanyika. Akahesabu moja moja, akizipa majina ya wanafunzi wa darasa lake ili asirudie yoyote. Alipata ishirini. Halafu akaona nyingine mbili zimejitenga, ukingoni kabisa mwa duara, upande wa kushoto. Akahesabu tena. Ishirini na mbili.

Mama aliporudi, Chiriku alimwambia huku anacheka. "Mama, umewasahau watoro wawili."

Mama hakucheka. Aliweka chini sahani ya mizizi, akakaa, akatazama muda mrefu. "Wako wapi?"

"Kushoto. Ukingoni."

Mama akasogeza kioo polepole mpaka ukingo ukaja katikati. Chiriku alimwona akishika meza kwa mikono miwili. Mama alitoa kioo kingine, cha wiki iliyopita, akamwambia Chiriku ahesabu. Ishirini na mbili. Cha tatu kilikuwa hivyohivyo.

"Lakini siku zote ulikuwa unapata sawa," alisema Chiriku. "Ile mikahawa mingine ulihesabu ishirini na mbili."

"Ile nilijua jibu kabla ya kuanza," mama alijibu taratibu. "Nikipata ishirini, natafuta mpaka zitimie. Huu sikujua jibu lake. Nilipoona zimekwisha, niliacha; na vioo vya kwanza vilipotoa ishirini, nikawa naishia ishirini."

Alifunga mlango. Kisha akapiga magoti mbele ya mwanawe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Chiriku, usimwambie mtu. Si Profesa, si bibi, si rafiki yako yeyote. Kazi yangu ni macho. Nikiambiwa sina macho, sina kazi, na nyumba yetu inanitegemea mimi. Nitamwambia Profesa mwenyewe. Nipe siku chache."

Chiriku aliahidi. Lakini siku zilipita, na mama hakusema. Profesa akaalikwa kwenye mkutano mkubwa wa watafiti, akaanza kuandaa hotuba yake juu ya mkahawa wenye kromosomu ishirini. Kila alipopita mbele yao akiimba chinichini, Chiriku aligeuza uso dirishani. Mama naye aliendelea kuhesabu, sasa akisogeza kioo huku na huku, akipata ishirini na mbili. Michoro hiyo mipya aliificha chini ya ile ya zamani.

Nyumbani Chiriku alinyamaza. Alikula kimya, akaosha vyombo kimya. Bibi alivumilia mpaka akachoka, akamwita barazani.

"Chiriku akinyamaza, mtini kuna nyoka," alisema. "Sema."

"Nimeahidi nisiseme, bibi."

"Basi usiseme. Nitasema mimi." Bibi alielekeza uso wake upande lilikotoka jua. "Nilikuwa fundi cherehani. Nilipofika umri alio nao mama yako sasa, ulimwengu ulianza kupungua pembeni. Haukuuma hata kidogo. Ilikuwa kama mtu anafunga mapazia polepole, leo kidogo, kesho kidogo. Niligonga milango, nikasingizia milango. Sikumwambia mtu, kwa sababu nani angempa kitambaa chake fundi asiyeona? Mwisho ikabaki tundu ndogo ya katikati. Halafu tundu nayo ikafungwa. Watu wakasema ni uzee. Nami nikakubali. Mama yako ni mtoto wangu, Chiriku. Ninasikia anavyogonga milango."

Chiriku alilala kifuani kwa bibi yake, akalia. Hakusema neno, lakini bibi hakuhitaji kuambiwa.

Jioni ile Chiriku alimsihi mama aende hospitali. Mama alisema ataenda Profesa akishasafiri. Kesho yake walipokuwa wakirudi nyumbani, kijana mmoja alipita na mkokoteni wenye magunia ya mkaa, akitokea upande wa kushoto. Alipiga kelele apishwe. Chiriku aliruka. Mama alisimama palepale kama hakuna kitu, na mkokoteni ukamkumba pajani, akaanguka chini.

"Huoni unakokwenda?" mama alimfokea kijana.

"Samahani, mama yangu. Lakini nimekuja peupe, na kelele nimepiga. Nilijua umeniona."

Watu walimwinua. Mama alikung'uta vumbi, akatembea akichechemea, asitake kushikwa mkono. Chiriku alimfuata nyuma akiitazama damu iliyokuwa ikishuka kwenye soksi yake. Hapo ndipo alipoamua.

Asubuhi Profesa alikuwa ofisini kwake, anapanga makaratasi ya safari. Chiriku alisimama mlangoni na kile kioo cha kwanza mkononi.

"Profesa, ni ishirini na mbili."

"Nini, mjukuu wangu?"

"Kromosomu. Si ishirini. Mbili ziko pembeni. Tafadhali usiende kusema ishirini."

Profesa alitabasamu kwanza, kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto. Halafu akamtazama vizuri, na tabasamu likaondoka. Akakichukua kioo, akaenda kwenye hadubini, akavua miwani, akainama. Kilikuwa kitambo kirefu. Aliposimama alionekana mzee kuliko alipoinama.

"Mama yako anajua?"

Chiriku angeweza kusema hapana. Alitamani sana kusema hapana. "Anajua," alijibu. "Hawezi kuona pembeni. Jana amegongwa na mkokoteni. Bibi yangu alianza hivyohivyo, sasa ni kipofu. Naomba umsaidie."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa amesikia. Alimtazama mwanawe kwa macho ambayo Chiriku hakuyasahau, macho ya mtu aliyesukumwa na mkono aliouamini. Kisha akamgeukia Profesa.

"Ni kweli," alisema. "Nimejua siku zote hizi. Nilikuacha uandike hotuba. Nisamehe."

Profesa hakupaza sauti. Alirudi ofisini kwake, nao nyuma yake, akakaa, akakusanya makaratasi yake, akayapigapiga mezani mpaka yakalingana, ingawa hayakuwa na kazi tena. "Ningesimama mbele ya watu wote," alisema. "Wangeipeleka habari hiyo vitabuni, na watoto wangefundishwa uongo kwa mkono wangu. Ungeniambia tu." Akayasukuma makaratasi kando. "Na mimi nilitaka mno iwe ishirini. Nilipaswa kuhesabu mwenyewe hata kioo kimoja. Sikuhesabu kwa sababu nilikuwa nimeshafurahi." Alichukua ufunguo wa gari ukutani. "Twende kwa daktari wa macho. Sasa hivi."

Hospitalini daktari wa macho, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimkalisha mama mbele ya bakuli kubwa jeupe la mashine ya kupimia macho, akamwambia atazame nukta ya katikati bila kuhama, na abonyeze kitufe kila akiona mwanga mdogo. Chiriku alikaa kwenye benchi nyuma. Aliziona taa zikiwaka moja moja, kulia, juu, kushoto, chini. Iliwaka taa, mama akatulia. Ikawaka nyingine, mama akatulia. Chiriku alitamani kupiga kelele, kumwambia, hiyo hapo, mama, bonyeza. Taa zilikuja na kuzimika, na kidole cha mama kilikaa tu juu ya kitufe, kikisubiri.

"Ni presha ya macho," daktari alieleza baadaye. "Maji yaliyo ndani ya jicho yanasukuma kwa nguvu, yanaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Uoni wa pembeni ndio unaoanza kufa, bila maumivu, ndiyo maana mtu hajui. Sitakudanganya, mama. Kilichokufa hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yako yote."

"Na kama ningekuja mwaka juzi?"

"Ungekuwa na kingi zaidi cha kulinda."

"Na hadubini?"

Daktari alitikisa kichwa. Mama alishukuru, akachukua dawa, na alipofika kwenye veranda akajifunika uso kwa mtandio. Chiriku alitaka kumshika, akaogopa. Kabla hawajaondoka, daktari alimpima Chiriku naye, kwa kuwa ugonjwa huo hufuata damu. Macho yake yalikuwa mazima. Aliambiwa arudi kila mwaka.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama alimpikia Chiriku, akamwamsha, akamuuliza kama ameoga, lakini hakumwambia neno jingine. Chiriku alimeza chakula kama anameza mchanga. Kituoni Profesa aliandikia watu wa mkutano kwamba hana la kusema mwaka huu. Hadubini alipewa msichana aliyemaliza chuo karibuni. Mama alipewa kazi ya kitalu, kukuza miche na kukata ncha za mizizi, na kumfundisha msichana yule jinsi ya kukandamiza kioo kwa kidole. Kazi haikupotea. Lakini kila alipopita mbele ya kiti chake cha zamani, mama alitazama upande mwingine.

Jioni moja Chiriku alikuwa akimtia mama dawa. Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti, macho wazi. Tone lilianguka, mama akafumba.

"Unajua kwa nini nilikukasirikia?" mama aliuliza, macho yakiwa yamefumbwa.

"Nilivunja ahadi."

"Hapana. Nilikukasirikia kwa sababu ulisema maneno yangu. Yalikuwa yangu mimi, mtu mzima, nami nikamtwisha mtoto ayabebe." Machozi yalitoka yakachanganyika na dawa. "Ahadi ile sikupaswa kukuomba. Nisamehe, mwanangu. Bila wewe ningeendelea kuficha mpaka kusiwe na cha kuficha."

Chiriku alimkumbatia, wakakaa hivyo mpaka tone la pili likachelewa na ikabidi waanze upya.

Bibi alikuwa mlangoni, ameshikilia fimbo yake. "Na mimi nipelekeni," alisema.

"Wapi, mama?"

"Kwa huyo daktari."

Mama na Chiriku walitazamana. "Mama," alisema mama yake Chiriku, "kwa macho yako hakuna dawa tena."

"Najua. Sitaki dawa. Miaka yote hii nimeuita uzee. Nataka kuambiwa jina lake."

Walimpeleka. Daktari alimpima bibi kwa heshima na kwa subira, kama anayempima mtu atakayepona. Kisha akamwambia jina. Bibi alilirudia polepole, presha ya macho, presha ya macho, kama mtu anayetajiwa mwizi aliyemwibia zamani. Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Chiriku.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Mimi sikufa, lakini nimekaa gizani miaka mingi kwa kuona haya kusema. Mama yako naye karibu anifuate. Kitu kikikuuma, au kikikupungukia, au ukiona umekosea kazi, mwambie mtu mapema, hata kama hujui kinaitwaje. Wewe sema tu. Jina lake atakuambia anayelijua."